Ushauri: kesi ya ridi, brashi ya ndani au kesi ngumu? Shemeji anakuja Jumamosi

Kijana wa Kimara
Wakuu habari za jioni. Shemeji yangu anatoka Ujerumani, anatua Jumamosi ijayo. Ameniambia ana kanafasi kwenye begi lake, nimjibu haraka nataka nini. Nina ala yangu nataka kuilinda, na mazingira yetu mnayajua. Nimechekecha nimebaki na vitu vitatu:

1. Kesi ya kutunzia ridi (kile kibanzi cha mwanzi kinachotetemeka ukipuliza) ya D'Addario, ile yenye kifuko cha kudhibiti unyevu
2. Brashi ndefu yenye manyoya, ya kuacha ndani ya ala ukimaliza kupiga
3. Kesi ngumu, maana sasa hivi natumia begi la kitambaa

Bajeti ipo ila si ya kutisha. Ipi bora? Naomba waliotumia, siyo waliosoma.

Fundi Pedi
Ala gani? Tuanzie hapo. "Ala yangu" inaweza kuwa filimbi ya plastiki na inaweza kuwa basuni. Ya mbao au ya bati? Unakaa wapi, unasafiri nayo vipi, na "si ya kutisha" ni shilingi ngapi?

Bati la Chuma
Hahaha, huyu ndiye anayeingia duka la dawa: "Naumwa, nipe iliyo bora."

Mama wa Kwaya
Mimi sihitaji kujua ala gani. Hiyo namba mbili achana nayo. Nakimbilia mazoezi, nikirudi nitaeleza.

Kijana wa Kimara
Samahani wakuu. Ni saksafoni alto, Yamaha YAS-280, nilinunua mkononi kwa mtu. Nakaa Kimara kama jina linavyosema. Nasafiri kwa daladala, nikichelewa napanda boda. Napiga kanisani kila Jumapili na harusi mojamoja. Bajeti laki mbili. Nafasi ya shemeji ni kilo moja na nusu.

Nairobi Horn
Boss, kesi ngumu ya alto ikiwa tupu tu inakaribia kilo nne, hata zaidi. Na kwa laki mbili zenu utapata bawaba zake na kufuli. Namba tatu imejifuta yenyewe.

Fundi Pedi
Hapo sasa tunaongea. Swali moja bado: hiyo saksa ilikuja na kile kizibo cheusi cha kuziba juu pale shingo inapoingia?

Kijana wa Kimara
Kizibo gani?

Mzee Besi
Kijana, umenikumbusha msiba. Kaa nikusimulie.

Pasaka ya 2014 tulialikwa Mbeya, kikundi chetu cha kanisa, watu tisa. Mimi nilikuwa na tenor ya zamani, sauti yake kama mzee anayeomba radhi. Ilikuwa kwenye begi la kitambaa kama lako, lina sponji nene nikaliamini. Na hicho kizibo nilikuwa nimekitupa siku nyingi. Mtoto alikuwa anakichezea, nami nikadhani ni takataka ya kufungashia, kama yale maplastiki yanayokuja kwenye kona za TV.

Asubuhi pale stendi konda akasema ndani hakuna nafasi, mizigo yote buti. Nikabishana. Akanijibu, "Mzee, hilo gitaa lako litafika salama." Gitaa! Nilipaswa kushuka palepale. Nikaliweka juu ya mizigo mingine, nikalitazama mpaka mlango wa buti ukafungwa. Nisichojua ni kwamba Morogoro walipakia jenereta.

Tumeshuka Uyole usiku, baridi ile ya mwezi wa nne. Nafungua begi, kengele, ule mdomo mpana wa saksa, imeinamia ubavuni kama sikio la mbwa. Hiyo ningeweza kuishi nayo. Kilichoniua ni juu. Shingo nilikuwa nimeivua na kuiweka kwenye mfuko wake, kama inavyotakiwa. Lakini ule mshipa mdogo unaochomoza pale juu, unaosukuma kibonyezo cha okteva kwenye shingo, ulikuwa hauna kitu cha kuukinga. Umepinda. Nikivaa shingo, kitundu cha okteva kinabaki wazi muda wote. Noti za chini hazitoki kabisa, zinaruka juu zenyewe.

Wenyeji wakanipeleka kwa fundi wa rejeta. Mtu mwema, sina ugomvi naye, ila kazi yake ni rejeta. Akawasha gesi apate kunyoosha kengele taratibu. Sasa pedi za saksafoni, vile viduara vya ngozi vinavyoziba matundu, zinashikiliwa na gundi inayoyeyuka kwa moto. Ya kwanza ikadondoka, nikanyamaza. Ya pili nikapiga kelele. Ya tatu ilikuwa imeshaungua ngozi.

Jumapili ya Pasaka nilisimama mbele ya watu nikaigiza kupuliza. Mchungaji akasema tenor ilimbariki sana.

Kile kizibo ni cha bei ndogo tu.

Bati la Chuma
"Tenor ilimbariki sana" 😂😂 Mzee nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Fundi Pedi
Ndiyo maana niliuliza. Naletewa saksa zenye mshipa uliopinda mara nyingi kuliko zenye kengele iliyobonyea. Kijana, chaguo lako la nne ni kizibo. Kina uzito wa kijiko. Na siku hujakipata, kunja kitambaa kisichozidi unene wa tundu, ujaze pale, kitakusogeza.

Mama wa Kwaya
Nimerudi. Hiyo brashi.

Ukimaliza kupiga, ndani ya bomba kuna maji. Unaingiza brashi, manyoya yananyonya maji. Mpaka hapo sawa. Sasa jina lake la dukani, "Pad Saver", yaani mwokozi wa pedi, linakudanganya uiache humo na ufunge kesi. Maji yametoka ukutani yameingia kwenye manyoya, na manyoya yamelala kando ya pedi zako usiku kucha kwenye begi lisilopitisha hewa. Umekausha nini? Ni kama kumfuta mtoto kwa taulo halafu ukamfunika na hiyohiyo.

Mimi navuta kitambaa. Khanga ya zamani, ile iliyofuliwa mpaka imekuwa laini, inashinda vitambaa vingi vya dukani. Unakata kipande, unakipinda kingo kisitoe nyuzi, unafunga kamba ya kiatu na kizito kidogo mwishoni. Kizito ukivishe kitambaa kisikwaruze. Unakidondosha kwenye kengele, unageuza ala, kinatokea juu, unavuta. Mara mbili. Shingo inafutwa peke yake. Kitambaa kianikwe, kisirudi kwenye kesi kikiwa kibichi.

Bati la Chuma
Mama, mimi brashi naacha humo mwaka wa sita sasa. Pedi zangu nzima.

Fundi Pedi
Bati, lini uliikagua pedi ya G kali na ile ya mi bemoli ya chini? Ukibonyeza asubuhi hazinati?

Bati la Chuma
Zinanata kidogo. Saksa zote zinanata.

Mama wa Kwaya
Hazinati zote.

Bati la Chuma
Naweka karatasi ya sigara, nafunga pedi, naivuta taratibu, imeisha. Tusikuze mambo.

Fundi Pedi
Usiivute ikiwa imebanwa, unakwangua ngozi ya pedi. Bana, achia, ndipo utoe karatasi. Na mdau yeyote anayekunywa soda wakati wa mapumziko halafu anarudi kupuliza, hiyo sukari ndiyo inayonata, na ndiyo inayoita sisimizi na mende. Nimeshafungua kesi nikakuta nondo wametaga kwenye sufi ya pedi. Sukutua maji kwanza, halafu upige.

Mvumo74
Salaam kutoka Mombasa. Ndugu yangu, nije kwenye hiyo kesi ya ridi, maana naona mwazungumza mabomba tu. Sisi watu wa pwani shida yetu si ridi kukauka, shida yetu ni kuota ukungu. Nilikuwa narudisha ridi kwenye kile kijaladio chake cha plastiki ikiwa bado na mate, kijaladio mfukoni, mfuko kwenye begi. Wiki moja tu imepiga madoadoa meusi. Nikaipuliza hivyohivyo kwa ubahili, nikaamka na mdomo umefura. Sasa mwamuuzia kijana kifuko cha unyevu, Dar! Si sawa na kumuuzia mvuvi maji ya chumvi?

Bati la Chuma
Hapo umenena. Unyevu upo bure.

Mwalimu wa Noti
Hapana jamani, vifuko hivi mmevielewa nusu. Ndani kuna maji na chumvi, vimefungwa kwa utando unaopitisha mvuke. Havimwagi unyevu tu. Hewa ndani ya kesi ikiwa kavu kuliko namba iliyoandikwa, kinatoa. Ikiwa na unyevu kuliko namba hiyo, kinafyonza. Mmewahi kuona kopo la chumvi jikoni masika, chumvi inalowa na hakuna aliyeimwagia maji? Ni kazi hiyohiyo. Kwa hiyo kifuko cha 72, yaani unyevu wa asilimia 72, huko Mombasa, siku hewa imefika 85, kinakausha ridi zako.

Sharti ni moja, kesi ifunge sawasawa. Ikivuja hewa, kifuko kitajaribu kuikausha Bahari ya Hindi yote na kitakufa mapema.

Mvumo74
Ahsante mwalimu, hilo sikulijua. Lakini bado ridi ifutwe na ikauke dakika kadhaa kabla ya kufungiwa, au sivyo?

Mwalimu wa Noti
Hilo halina mjadala. Futa mate kwa kuvuta kidole kuelekea ncha, kamwe usirudi nyuma, ncha itachanika. Ilaze chali mahali palipo bapa. Ridi ikikauka upande mmoja kabla ya mwingine, ncha inajikunja mawimbi, na ukiipiga inapiga miluzi. Ndiyo faida kubwa ya kesi yoyote ya ridi, hata isiyo na kifuko: inailaza sawa. Kesi za mifereji kama za Vandoren zinapitisha hewa chini. Uwe na ridi nne, uziandike namba kwa penseli, upige kwa zamu.

Nairobi Horn
Mko karne hii au 1924? Nunueni Légère. Ridi ya plastiki, hailowi, haikauki, haioti, haikunjiki. Natoa begini napiga. Mjadala umefungwa.

Mama wa Kwaya
Na sauti je?

Nairobi Horn
Sauti safi.

Mama wa Kwaya
Nilizisikia kwa mwenzangu. Juu zinapiga vizuri, chini ni kama mtu anaimba ndani ya ndoo.

Mwalimu wa Noti
Inategemea namba ya ugumu wa ridi na kipande cha mdomoni unachotumia. Ila Horn, ridi moja ya hiyo bei yake inakaribia boksi zima la kumi za mwanzi za alto. Ukiikanyaga umelia boksi zima. Na usidhani haihitaji kuoshwa, mate ni mate.

Nairobi Horn
Moja imenikalisha miezi minane. Piga hesabu mwenyewe.

Bati la Chuma
Hesabu zako ni za mtu anayepiga mara moja kwa mwezi 😂

Nairobi Horn
Napiga mara nne kwa wiki hotelini, boss. Wewe na pedi zako za gundi ya Fanta nyamaza.

Kijana wa Kimara
Wakuu tusigombane. Nashukuru sana. Naona sasa ni kesi ya ridi na kizibo, brashi natoa. Ila kuna kitu nilisahau kusema. Mwezi wa saba nahamishiwa kikazi Dodoma. Na usharika wa huko wana klarineti ya mbao walipewa na wageni, haina mpigaji, wamesema nikifika niichukue. Hiyo inabadilisha chochote?

Fundi Pedi
Mungu wangu.

Mwalimu wa Noti
Inabadilisha kila kitu! Ungeanza na hiyo.

Dada wa Makole
Karibu Dodoma kaka, lete na mafuta ya midomo. Mimi napiga klarineti hapa mwaka wa tano, na shida za huku ni kinyume cha hizo za Mombasa. Mwezi wa saba mpaka wa kumi hakuna mvua, hewa ni kavu, upepo haukomi. Ridi unayoiacha wazi usiku, asubuhi imejikunja kama kipande cha muhogo uliokaushwa juani.

Ya mbao ndiyo ya kuiogopa. Mbao ikikauka inasinyaa. Utajua kwa zile pete za chuma kwenye maungio, zikianza kucheza ukizizungusha kwa kidole, hewa imeshaila. Halafu unakuja asubuhi ya baridi unapuliza pumzi ya moto yenye maji: ndani mbao inavimba, nje bado ni kavu na baridi. Hapo inapasuka. Kwa kawaida ni kipande cha juu, karibu na yale matundu madogo, mstari mwembamba utadhani unywele. Yangu ilipasuka hivyo, wiki ya kwanza ya mwezi wa nane, katikati ya wimbo. Sikusikia mlio wowote, nilishangaa tu noti zinavuja.

Ninachofanya sasa: kesi ya klarineti naifunga vizuri na ndani naweka kifuko cha Boveda cha 49, kile cha ala za mbao. Ridi ziko kwenye kesi yao ndogo inayofunga na kifuko chake cha 72, visichangamane. Asubuhi nabana kipande cha juu kwapani dakika tano kabla ya kupuliza. Na kama ala haijapigwa muda mrefu, kama hiyo ya usharika, usianze na ibada ya urefu wa saa tatu. Dakika kumi na tano kwa siku, wiki mbili tatu za mwanzo, unaifuta kila mara.

Mzee Besi
Sisi tulikuwa tunaweka ganda la chungwa kwenye kesi. Inanukia na mbao haipasuki.

Dada wa Makole
Mwalimu wangu wa kwanza naye alifanya hivyo, shikamoo mzee. Mbao haikupasuka kweli. Ganda liliota manyoya ya kijani, na kesi ikanuka mpaka nikaipiga jua siku nne.

Mzee Besi
Marahaba. Unalibadilisha kila siku, binti. Chungwa lenyewe unakula.

Ndonya
Mimi nasoma huu uzi nacheka kwa uchungu. Klarineti hiyo ya mbao mnayoiogopa, mbao yake ni mpingo. Mpingo wa wapi? Wa kwetu, Kilwa, Lindi, Nachingwea na kwa majirani Msumbiji. Gogo linakatwa huku, linakwenda Ulaya, linachongwa, linarudi Dodoma kama msaada wa wageni, halafu linapasuka kwa hali ya hewa ya Tanzania. Mti wa nyumbani umerudi nyumbani umekuwa mgeni.

Mwalimu wa Noti
Ndonya umenigusa. Ila mti haukumbuki kwao. Uliotengenezwa ukazoea unyevu wa huko utashtuka hapa, hata kama ulizaliwa Kilwa.

Bati la Chuma
Kwani si walipiga marufuku kuuza mpingo nje? Shemeji asije kukamatwa uwanja wa ndege.

Ndonya
Haukupigwa marufuku, uliwekewa udhibiti. Januari 2017 karibu jamii yote ya Dalbergia, ambayo mpingo umo, iliingia kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hata klarineti kamili ikawa inahitaji vibali kwenye biashara. Wanamuziki wakalalamika, na Novemba 2019 ala zilizokamilika zikaondolewa. Magogo na mbao bado vina vibali. Na siyo kila mpingo ni wa wizi, kuna vijiji vya Kilwa msitu wao ulipata cheti cha FSC, kile cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009, wanavuna kwa mpango na pesa inabaki kijijini.

Nairobi Horn
Ndiyo maana Buffet, watengenezaji wa klarineti, wana ile Greenline, unga wa mpingo umechanganywa na nyuzi za kaboni na gundi. Haipasuki. Kama ridi zangu vile 😎

Mama wa Kwaya
Jamani huyu na plastiki yake.

Mvumo74
Mwanikumbusha babu yangu Kilifi. Yeye alikuwa mpiga nzumari. Ridi zake alizikata mwenyewe kwa jani la mvumo, anakunja, anafunga kwa uzi kwenye kibomba cha bati. Hakuwa na kesi. Alizibeba ndani ya kikopo cha ugoro kilichokwisha, kina kipande cha kitambaa ndani. Kabla ya ngoma anaitia ridi kinywani, anaendelea kuzungumza na watu huku ipo shavuni kama pipi. Ikichanika anatoa nyingine. Sikumbuki hata siku moja kusikia akilalamikia unyevu.

Fundi Pedi
Kikopo cha ugoro! Kinafunga vizuri kuliko kesi nyingi za dukani.

Mvumo74
Na ridi zikanukia ugoro. Labda ndiyo siri ya ile sauti.

Ndonya
Mvumo, huko kwenu bado wapo wanaozichonga? Natafuta nzumari ya kununua, siyo ya mapambo ya watalii, ya kupiga.

Mvumo74
Wapo wachache. Njoo inbox nikuelekeze, ila uje mwenyewe, hawatumi kwa basi. Wamemsoma Mzee Besi.

Dada wa Makole
Turudi kwa kijana, Jumamosi inakaribia. Kaka, kwa kilo moja na nusu zako: kesi ya ridi inayofunga, vifuko viwili vya 72, viwili vya 49, kizibo cha saksa, mafuta ya kupaka koki, lile gome laini la kwenye maungio. Hapo hujafika hata nusu kilo. Aagize Thomann, duka la ala, wako hukohuko Ujerumani.

Mwalimu wa Noti
Naunga mkono, ila 49 ningesubiri kwanza nione hali ya hiyo klarineti. Inawezekana ni ya plastiki imepakwa nyeusi, watu wengi wanachanganya. Umeiona kwa macho?

Kijana wa Kimara
Sijaiona. Nimetumiwa picha, nyeusi.

Fundi Pedi
Zote ni nyeusi.

Kijana wa Kimara
Wakuu mrejesho. Shemeji aliona nachelewa kujibu, ameingia duka la karibu naye akanichagulia mwenyewe. Nanukuu: "Nimekuchukulia ile yenye manyoya, ya bluu, nzuri sana." Kizibo aliulizia, muuzaji akamwambia aje na ala.

Mama wa Kwaya
Safishia chupa ya chai.

Bati la Chuma
Karibu chamani mkuu 😂 Usisikilize, tutaonana mwaka wa sita.

Mzee Besi
Samahani kuingilia, mwenye kizibo cha ziada tafadhali. Cha alto kinaingia kwenye tenor, au saizi ni tofauti?

Fundi Pedi
Tofauti, mzee. Tenor gani?